Kibanda cha Wavu Uani

Tangu mwaka 2020 mwezi wa Ramadhani umekuwa ukiangukia msimu wa mvua nchini Burundi. Katika mtaa wa Waswahili mjini Gitega, na katika nyumba za Waislamu wa Muyinga, futari hutandikwa uani jua linapozama, na jua linapozama ndipo mbu nao wanapoamka. Mama anamimina uji, watoto wanagombania sambusa, na mkono wa kushoto wa kila mtu hauna kazi nyingine ila kujipiga kofi kwenye kifundo cha mguu. Adhana ya Isha inaposikika, wenye watoto wachanga wamekwisha kuingia ndani na kufunga madirisha. Ua mzuri, wenye mparachichi na upepo wa mlimani, unabaki mtupu saa ileile ambayo ungefaa kuliko saa zote za siku.

Hasara hiyo ndiyo ninayotaka tuishughulikie katika sura hii. Nyumba nyingi za mijini Burundi zenye nafasi ya ua zina payoti: kibanda cha duara au cha pembe nne, nguzo za mkaratusi, paa la nyasi, bati au vigae, pande zote wazi au zenye ukuta wa nusu tu. Chini yake watu hupokea wageni, hula mishikaki, hukaa vikao vya posa na vya kuondoa matanga, na watoto hufanyia humo kazi za shule. Kinachokosekana ni wavu. Na kwa kuwa wavu unauzwa kwa mita na fundi yuko mtaani, mwenye nyumba hudhani ni kazi ya siku moja, kuzungusha wavu kwenye nguzo zilizopo na kupigilia misumari. Kibanda cha namna hiyo kimeharibika kabla hakijatumika. Mbu hapiti katikati ya wavu. Hupita pale wavu unapokutana na kitu kingine, iwe paa, sakafu, nguzo au mlango. Anayechagua kibanda anachagua viungo hivyo vinne. Umbo, rangi na viti vitafuata.

Wapo watakaouliza kama gharama hii ina maana huku juu. Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga iko juu zaidi. Zamani malaria ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa Imbo, tambarare ya joto iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, na wa Moso kule mashariki. Sababu inajulikana: joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18, kimelea cha malaria hakiwezi kukomaa ndani ya mwili wa mbu. Lakini kuanzia miezi ya mwisho ya 2000 hadi mwanzoni mwa 2001 mlipuko mkubwa uliipiga Kayanza, Ngozi na Karusi, nchi ya milima kabisa, na kuua maelfu ya watu. Karusi iko njiani; ukitoka Gitega kwa gari kwenda Muyinga unaipita. Machi 2017 serikali ilitangaza tena mlipuko, wagonjwa wakiwa wamefika milioni 1.8 tangu Januari ya mwaka huohuo. Sioni jinsi mtu anayeijua historia hiyo anavyoweza kusema kwamba urefu wa mlima unatosha kuwa kinga yake.

Hatari yenyewe haijasambaa sawasawa, na hapa ndipo uchaguzi wa kibanda unapoanzia, kabla ya mbao na nyavu. Baada ya mlipuko ule wa Karusi, kazi ya kupulizia dawa ilielekezwa hasa kwenye nyumba zilizo karibu na mabonde, kwa kuwa ndiko mbu walikojaa. Huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mabonde yaliyofyekwa mafunjo na kulimwa huwa na joto zaidi kuliko yale yaliyoachiwa mafunjo yake, na kwamba nyumba za kando yake zina mbu wengi zaidi. Kati ya kilima na kilima, kuanzia kingo za Ruvyironza karibu na Gitega hadi mito midogo inayoteremkia Ruvubu, Burundi imelima mabonde yake kwa mpunga, maharage na mboga. Kwa hiyo simama katikati ya ua wako ujiulize bonde liko upande gani, kisha upeleke kibanda upande wa pili wa nyumba, mahali pa juu, ambapo upepo unapita. Mbu ni mrukaji dhaifu; upepo wa wastani humchosha. Ukiwa na banda la mbuzi au ng'ombe, kiweke kibanda mbali nalo. Na kama kiwanja chako kimeshuka sana, usikate udongo ili upate uwanda. Jenga kwenye mteremko, upande mmoja ukinyanyuliwa juu ya msingi wa mawe.

Kunyanyua kuna faida yake. Katika majaribio yaliyofanywa Gambia, vibanda vilevile viliinuliwa juu ya nguzo kwa vimo mbalimbali, watu wakalala ndani, na mbu walioingia wakahesabiwa. Kwenye kimo cha mita 1 walipungua kwa asilimia 40. Kwenye mita 3 walipungua kwa asilimia 84. Hakuna atakayejenga payoti mita 3 juu ya ardhi, lakini sakafu iliyonyanyuliwa mita 1 upande wa bondeni inawezekana katika viwanja vingi vya Gitega, na hata bila wavu imekwisha kuanza kazi. Sharti ni kwamba ikiwa sakafu ni ya mbao, wavu utandikwe pia chini ya mbao. Nafasi kati ya ubao na ubao ni mlango mrefu kuliko mlango wenyewe.

Jambo moja zaidi kuhusu kiwanja, nalo naliweka hapa kwa sababu sijaona likitajwa na wauzaji wala mafundi. Vibanda vingi vya Burundi vina ukuta wa nusu wa matofali, na matofali hufyatuliwa kwa udongo unaochimbwa karibu. Shimo linabaki. Mvua ya kwanza ya Oktoba inalijaza, jua linalipiga, maji yanapata joto, na hayo ndiyo mazalia anayoyapenda mbu wa malaria kuliko yote: maji madogo, mapya, yasiyo na majani juu yake. Mtu anaweza kujikinga na mbu kwa ukuta ambao shimo lake linawalea. Nunua matofali yaliyokwisha kuchomwa, au ukifyatua mwenyewe, andika kwenye makubaliano na fundi kwamba shimo litafukiwa siku ukuta utakapokwisha, kabla hajalipwa fedha ya mwisho.

Sasa twende kwenye wavu na viungo vyake. Mfano bora wa kibanda cha wavu katika historia ulijengwa mwaka 1900. Ronald Ross alikuwa amekikuta kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu mwaka 1897 huko India, na Waitalia kina Grassi wamekwisha kuonyesha ni mbu wa aina gani anayemwambukiza binadamu, lakini watu wengi hawakusadiki. Patrick Manson, daktari wa London, akaamuru kitengenezwe kibanda cha mbao Uingereza, kipelekwe kwa meli hadi Italia, na kisimamishwe karibu na Ostia, katika nyanda ambazo wakulima walizikimbia kila kiangazi kwa homa. Madaktari Louis Sambon na George Low wakaishi humo kuanzia Julai hadi Oktoba, pamoja na msanii Amedeo Terzi na watumishi wawili. Madirisha na milango yote ilikuwa na wavu. Mchana walitembea, wakachimba, wakaloa mvua. Jua likikaribia kuzama waliingia ndani na hawakutoka hadi asubuhi. Hawakunywa kwinini. Majirani zao waliugua, wao hawakuugua.

Wavu wenyewe ulikwisha kujulikana wakati huo. Mambo mawili yaliwaokoa wale watano: kibanda kilitengenezwa kizima, kila dirisha na kila mlango ukiwa na wavu wake, na saa ya kuingia ilishikwa kama sheria.

Kiungo kigumu kuliko vyote ni cha juu, wavu na paa. Nyasi hazina ukingo ulionyooka. Huwezi kupigilia wavu kwenye nyasi ukasema umeziba. Bati lina ukingo, lakini lina mawimbi, na chini ya kila wimbi, pale bati linapolala juu ya boriti, hubaki tundu la kupitisha vidole viwili. Hesabu mawimbi ya bati moja, kisha zidisha kwa mabati ya pande zote. Vigae ndivyo vilevile. Mafundi wengi huziba matundu hayo kwa chokaa au saruji, na kwa msimu mmoja inaonekana kazi nzuri. Kisha bati linapanuka mchana na kunywea usiku, saruji inaachia, na mianya inarudi. Gambia tena ndiko walikolipima jambo hili vizuri. Katika nyumba za Farafenni na vijiji vyake, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, wavu wa milango na madirisha pamoja na kuziba upenu ulipunguza mbu ndani kwa asilimia 59. Lakini nyumba zilizofungwa dari ya wavu peke yake, bila kuguswa kitu kingine, zilipunguza mbu kwa asilimia 47. Karibu nusu ya mbu, kwa kufunga dari tu! Anofelesi, yule mbu wa malaria, akifika ukutani hupanda juu na kutafuta mwanya wa upenuni.

Ninachopendekeza kwa kila aliye na payoti, na kwa kila anayejenga mpya, ni hiki: usijaribu kuunganisha wavu na paa kabisa. Tandika dari ya wavu kutoka boriti hadi boriti, kwenye kimo cha mita 2.2 au 2.4, na kuta za wavu ziishie kwenye boriti hiyohiyo. Paa linabaki juu na kazi yake ya mvua na jua, liwe la nyasi, bati au vigae, na mianya yake haikuhusu tena. Payoti ya zamani yenye nguzo nzima inaweza kuokolewa hivyo bila kuvunjwa. Fundi atakwambia, "Mama, dari ya wavu itajaa takataka za nyasi." Ni kweli, zitajaa. Mwambie aifanye kwa vipande vinavyofunguka, ili mara moja kwa muda viteremshwe na kufagiliwa.

Baada ya hapo, kuchagua paa ni suala la mfuko na masikio. Nyasi zina ubaridi wa kupendeza na zinafanana na asili ya mahali. Aliyekwenda Gishora, kilomita saba hivi kutoka Gitega, kwenye makao ya ngoma za kifalme ambazo uchezaji wake wa kitamaduni uliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, ameiona nyumba ya nyasi iliyoteremka mpaka chini, yenye mlango mdogo wa kuinamia. Nyumba za zamani za namna hiyo zilimkabili mbu kwa moshi wa jiko lililowaka ndani. Tumeuacha moshi, na kwa mapafu ya watoto tumefanya vema, lakini tulipouacha hatukuweka kitu mahali pake. Nyasi zinahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na mishikaki ichomwe nje, mbali. Bati ni rahisi na la kudumu, ila mvua ya Machi ikipiga juu yake hakuna mazungumzo. Vigae vya udongo vya kuchoma, vinavyotengenezwa nchini, ndivyo ninavyovipenda mimi: vinanyamaza, havipitishi joto kwa haraka, na vikivunjika unabadilisha kimoja. Ubaya wake ni uzito.

Namna ya kuubeba uzito huo imeonyeshwa Muyinga kwenyewe. Mwaka 2012 ilikamilika pale maktaba ya watoto viziwi, iliyobuniwa na wasanifu wa BC Architects kutoka Brussels, kuta za matofali ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa na paa la vigae vya nchini juu ya boriti za mkaratusi. Kwa ajili ya uzito wa vigae, nguzo zake zimesimama karibukaribu, kila baada ya mita 1.3. Upande mmoja kuna baraza ndefu, maana wasanifu waliona kwamba katika nyumba za Burundi barazani ndipo watu wanapokaa, kungoja na kuzungumza. Matundu yaliyopangwa ukutani yanapitisha hewa, na juu ya sehemu ya watoto wadogo umesukwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambao wanapanda na kulala juu yake wakisoma. Fundi yeyote wa Muyinga atakayejenga payoti ya vigae anaweza kwenda kuiangalia kazi hiyo kwa macho yake na kupima kwa futi yake.

Nguzo za karibukaribu zina faida ya pili, na hii ni ya wavu. Nyavu za madirisha huja kwa upana wa sentimita 90, 120 au 150. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ikiwa mita 1.1, wavu wa 120 unaifunika na kubakiza sentimita 5 kila upande za kukunjia. Hakuna kiungo katikati, hakuna kushona, hakuna kipande cha kuungwa na kingine. Nimeona vibanda vya gharama kubwa vilivyopanda nguzo kila mita 2, kisha fundi akalazimika kuunganisha nyavu mbili kwa uzi wa nailoni. Uzi huo ndio wa kwanza kuachia. Kwa hiyo nenda sokoni kwanza, nunua wavu, pima upana wake, ndipo uchimbe mashimo ya nguzo. Mafundi hufanya kinyume.

Kuhusu mbao, mkaratusi ni mzuri kwa nguzo na boriti na mbaya kwa fremu. Ukiwa mbichi hupasuka na kujipinda unapokauka, na fremu iliyopinda nusu sentimita imefungua njia kwa mbu wa mtaa mzima. Fremu na mlango vitengenezwe kwa mgrevilea au msonobari uliokaa ukakauka. Mgrevilea umejaa mashambani Burundi na maseremala wa Gitega wanaujua kwa miaka mingi. Nguzo zisizikwe ardhini. Mchwa watazila, na oili chafu ambayo wengi hupaka inanuka na inashika moto. Simamisha nguzo juu ya kiguu cha zege kilichoinuka sentimita 20, kikiwa na chuma cha kuishikilia.

Fremu moja itengenezwe hivi. Seremala anaunganisha mbao nne na kuzilaza chini. Wavu unatandazwa juu yake, unabanwa kwanza katikati ya ubao wa juu na katikati ya ubao wa chini, kisha katikati ya pande mbili, na kutoka hapo kazi inakwenda kuelekea kwenye pembe. Anayeanzia pembeni atapata mikunjo. Ukingo wa wavu unakunjwa mara mbili, na juu ya mkunjo unawekwa papi mwembamba unaofungwa kwa skrubu, kila sentimita 15. Usikubali misumari: wavu ukichanika unataka kuufungua papi, siyo kuung'oa. Fremu ikikamilika inaingizwa kati ya nguzo mbili kutoka nje, ikigusa ukanda mwembamba wa mpira, na kushikwa kwa vishikizo vinne vya mbao vinavyozunguka. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande unatosha kabisa kwa ukanda huo. Fremu zote ziwe na kipimo kimoja, ili ya mbele ikiharibika ya nyuma iweze kuchukua nafasi yake.

Chini, jenga ukuta wa nusu wa sentimita 80 au 90. Mvua hurusha matope, watoto husukumana, kuku hupekua, na wavu unaofika hadi sakafuni huchanika kwenye sentimita 30 za mwisho kabla ya mwaka kwisha. Ukuta pia unakinga miguu na upepo wa kusini-mashariki, ambao Juni na Julai unaweza kuufanya usiku wa Gitega kuwa wa kuvaa koti. Bujumbura, chini kando ya ziwa, ningesema acha wazi uwezavyo. Huku juu hewa haitakukosa.

Wavu uwe wa namna gani? Chukua rula, hesabu nyuzi ndani ya inchi moja. Ukipata 18 upande mmoja na 16 upande wa pili, matundu ni ya milimita 1.2 hivi na mbu hapiti. Wavu wenye matundu madogo zaidi ya hapo unazuia hata upepo. Rangi nyeusi au kijivu cha giza ni bora kuliko nyeupe, kwa sababu jicho linapita na kuona bustani, wakati wavu mweupe hung'aa juani na kukuzuia kuona nje. Plastiki tupu hukaushwa na jua na kukatika kama karatasi. Nyuzi za faiba zilizopakwa plastiki hukaa zaidi. Alumini hukaa sana lakini hubonyea ikiguswa. Chuma kilichopakwa zinki hupata kutu. Huko Panama, Wamarekani walipoendelea kuchimba mfereji kuanzia 1904, daktari wao Gorgas na watu wake walitumia nyavu za shaba kwa sababu ya unyevu wa pwani. Gitega na Muyinga hazina hewa ya chumvi, kwa hiyo faiba inatosha. Jambo moja nalikataza waziwazi: chandarua cha dawa kilichogawiwa na serikali kisivuliwe kitandani kikatundikwe kwenye payoti. Anofelesi wengi huuma usiku watu wakiwa wamelala, na kibanda hiki, kwa uzuri wake wote, ni cha saa za jioni.

Yanauzwa pia mahema ya vyuma yenye mapazia ya wavu na zipu, yaletwayo kutoka China na Ghuba, na njia ya Kobero inayoiunganisha Muyinga na Tanzania huleta bidhaa za kila namna. Hema linafaa kwa harusi na kwa mpangaji atakayehama. Kwa upepo na mvua ya mawe ya milima ya Burundi halifai kuachwa uani mwaka mzima, na zipu ikifa, hema limekufa.

Anayetaka kuona wazo hili likipelekwa mbali zaidi atazame Tanzania. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za majaribio ambazo kuta zake nyingi ni za wavu, mianzi na mbao badala ya udongo. Zilipolinganishwa na nyumba za kawaida za kijijini, nyumba za ghorofa zilipunguza mbu ndani kwa asilimia 96 na nyumba za chini kwa asilimia 77, nazo zilikuwa na baridi nzuri zaidi usiku. Baadaye zikajengwa nyumba 110 za fikra hiyohiyo vijijini Mtwara. Kwa maneno mengine, familia zinalala ndani ya kitu ambacho sisi tunakiita kibanda cha kupumzikia.

Kiungo cha mwisho ni mlango, na ndicho kinachoonyesha kama mwenye nyumba amefikiri. Mlango ufunguke kwenda nje, ili mbu waliotulia juu ya wavu wasukumwe nje na siyo ndani. Uwe na springi ya kuufunga wenyewe, kwa sababu hakuna mtoto anayekumbuka, na mgeni aliyeshika sinia la chai hana mkono wa tatu. Chini uwe na kizingiti cha mbao, na mlango ushuke mbele ya kizingiti, usiishie juu yake. Na uelekee kule upepo unakotoka. Mbu humfuata binadamu kwa hewa anayoitoa puani, akiruka dhidi ya upepo mpaka amfikie. Kwa hiyo wengi watakusanyika upande ule upepo unakoelekea, nyuma ya mgongo wa kibanda. Mlango ukiwa huko, unawafungulia. Familia kubwa ifikirie milango miwili yenye nafasi ya mita 1.2 katikati, wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafunga.

Ukubwa hauna siri. Mita 3 kwa 3 zinakalisha watu sita kuzunguka meza. Anayefuturisha jamaa ajenge 4 kwa 5 na kutandika jamvi. Taa iwe ya njano hafifu, si nyeupe kali, kwa kuwa nyeupe huita kumbikumbi wote wa kilima wakati wa mvua. Na ukiinuka mezani kwenda kulala, chandarua kinakungoja kitandani palepale.

Kabla ya kumlipa fundi, ngoja giza liingie. Washa taa kali ndani, funga mlango, na mzunguke kibanda kwa nje, wewe na yeye, mkitafuta mwanga unaotokea mahali pasipo na wavu. Kila mstari wa mwanga kwenye boriti, kwenye nguzo au chini ya mlango uwekewe alama ya chaki na uzibwe kesho yake. Kila mwaka, Septemba inapokwisha na vumbi la kiangazi limejaa kwenye nyavu, toa fremu, zioshe kwa maji na sabuni ya unga kwa brashi laini, kaza skrubu, badilisha mipira iliyokauka. Na siku ya kununua, nunua mita tatu za ziada za wavu uleule, uzikunje na kuziweka darini, kwa sababu mwaka ujao dukani kutakuwa na wavu wa mtengenezaji mwingine, wenye nyuzi za unene mwingine, na kiraka chake hakitavutika sawa na huu wako.